Maiki za roshani: klampu, stendi au kuning'iniza?

Mtu akitaka kurekodi kwaya au bendi ndani ya ukumbi, iwe Kisumu, Kakamega au Nakuru, jicho lake hukimbilia roshani. Kule juu maiki zinaona jukwaa lote, hakuna anayesimama mbele yake kuinua simu, hakuna mhudumu wa kujikwaa kwenye waya, na sauti ya spika za kushoto na kulia inafika ikiwa imekwisha kuchanganyika. Ndiyo maana wengi wanaorekodi shoo za watu wengine huishia huko.

Kinachobaki ni kuamua zitashikwa na nini. Katika kumbi zetu njia ni tatu: klampu inayobana reli ya roshani, stendi ndefu inayosimama nyuma ya reli, au kuzining'iniza kwa waya kutoka juu. Niseme mapema ninakoegemea. Reli ikiwa ya chuma na imara, nachukua klampu, maiki zikae juu ya reli bila kutokeza sana nje, na lazima pawe na waya wa pili wa usalama. Reli ikinitia shaka, nachukua stendi na kuvumilia usumbufu wake. Kuning'iniza nawaachia wenye jengo.

Kitakachoanguka

Maiki ndogo ya kondensa ina uzito wa takriban gramu 100. Watu huipima mkononi na kuona haina madhara. Lakini haipandi juu peke yake. Ziko mbili, ziko kwenye kipande cha chuma kinachozitenganisha, kuna klampu, kuna vishikizi, na kuna kebo: mita 10 za kebo ya maiki hukaribia nusu kilo, na mbili zikilegea kuelekea chini zinavuta kila kitu pamoja nazo. Jumla hufika kilo moja na nusu au mbili bila wewe kutambua. Kitu kikidondoka kutoka mita 5 kinafika chini kwa sekunde moja tu, na wakati huo kinakwenda kilomita 36 kwa saa. Huo ni mwendo wa bodaboda iliyokolea pale Oginga Odinga Street, Kisumu, ila hii inashukia kichwa cha mama aliyeketi akiimba pambio.

Kwa hiyo ninapolinganisha njia hizi naanza na maswali ya kuanguka. Kikifunguka, kitaangukia wapi: sakafu ya roshani, au watu wa chini? Kuna kitu cha pili kitakachokidaka? Nani anaweza kukifikia kwa mkono? Sauti inafuata baadaye. Anayeanza na sauti atajikuta ametoa mkono wa mita moja na nusu nje ya reli, kwa sababu ni kweli, kule nje kunasikika vizuri zaidi.

Klampu kwenye reli

Reli zenyewe hazifanani. Kuna bomba la mviringo, ambalo ndilo rahisi kuliko yote. Kuna bomba la pembe nne. Kuna ukuta wa mawe unaofika kiunoni, juu umewekwa ubao au umesakafiwa. Na siku hizi, hasa kwenye hoteli na makanisa mapya, kuna vioo vilivyoshikwa na nguzo za chuma kisichoshika kutu.

Kwa bomba la mviringo, klampu iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera na taa haina mpinzani. Ile ya Manfrotto inayojulikana sana, namba 035, hubana kitu chenye unene wa kuanzia milimita 13 hadi 55, na imeandikiwa mzigo wa kilo 15. Hizo kilo 15 zisikupe kiburi, maana ni za mzigo uliokaa karibu na klampu. Mzigo ukisogea hadi ncha ya mkono, klampu inasokotwa: kilo moja kwenye ncha ya mkono wa mita moja husokota sawa na kilo kumi zilizo umbali wa sentimita 10. Bomba lililopakwa rangi ya mafuta linateleza, klampu inazunguka kidogo kidogo, na kufikia wimbo wa tano maiki zinatazama viatu vya waimbaji.

Mafundi wa jua kali pale Kibuye, Kisumu, wanaweza kukutengenezea kitu cha bei nafuu, na mimi sina neno na kazi yao, mradi uwape kipimo sahihi cha reli. Tatizo hutokea mtu anapookota klampu ya jukwaa la ujenzi kwa kuwa inaonekana nene na imara. Hiyo hutengenezwa kwa bomba la milimita 48.3. Ukiifunga kwenye reli nyembamba zaidi inabaki pengo, pengo linajazwa vipande vya tyubu, raba inajikunja bolti ikikazwa, na baada ya saa moja bolti imelegea bila mtu kuigusa. Mwambie fundi akupe mdomo unaolingana na reli yako, nati mbili zinazofungana, na skrubu ya juu inayoingia kwenye kishikizi cha maiki. Skrubu za stendi za maiki ni za inchi 3/8 au 5/8, za kamera ni robo inchi. Nenda na kishikizi chenyewe mkononi, usimwelezee kwa maneno.

Bomba la pembe nne na ubao hubanwa vizuri na klampu ya seremala, ile ya umbo la G, ukiweka vipande vya plaiwudi pande zote mbili ili usikwaruze rangi. Ukuta mpana wa mawe sikushauri. Klampu ndefu za kufikia unene huo zipo, lakini hubana kwa ncha mbili tu na sakafu ya juu ya ukuta huwa imepasuka bila kuonekana. Na kioo kiache kabisa. Kinaweza kumstahimili mtu anayekiegemea, lakini ukingo wake ndio udhaifu wake; chuma kikikandamiza hapo, kioo chote kinaweza kumwagika mara moja.

Kabla ya kufunga chochote, ishike reli kwa mikono miwili uitikise ukiwa umesimama wima, bila kuinama nje. Kisha piga magoti utazame miguu ya nguzo, pale zinapoingia kwenye zege. Kutu hujificha hapo, kwa sababu maji ya kupiga deki hutuama. Tazama pia mahali palipochomelewa: kuna reli ambazo fundi alizigusa kwa nukta mbili za kuchomelea akapaka rangi juu, akaenda zake. Reli inayocheza haibebi maiki, hata kama imekaa hapo miaka ishirini.

Waya wa usalama ndio unaoifanya klampu kuwa chaguo langu, kwa hiyo niukalie kidogo. Chukua waya wa chuma uliosokotwa, wa milimita 3 hivi, wenye vitanzi vilivyobanwa kiwandani na karabina inayofungwa kwa skrubu. Upitishe kwenye mkono wa chuma unaobeba maiki, si kwenye klampu peke yake, maana mara nyingi kinachofunguka ni kiungo cha juu. Upande wa pili uzungushe kwenye kitu tofauti na kile kinachobanwa na klampu: kama klampu iko kwenye bomba la juu, waya uende kwenye nguzo. Halafu uwe mfupi. Waya wenye ulegevu wa mita moja unaacha mzigo uanguke mita moja kabla ya kuudaka, na mshtuko wa kuudaka ni mkubwa mara nyingi kuliko uzito wenyewe. Ulegevu wa sentimita chache unatosha. Maiki zenyewe pia zifungwe, kwa sababu kishikizi cha plastiki hupasuka kikizeeka na jua. Kamba nyembamba ya nailoni iliyosukwa, kutoka shingo ya maiki hadi kwenye chuma, inatosha kwa gramu 100.

Na blada? Najua kila mtu anayo, na imefunga magunia ya mahindi kutoka Kitale hadi Kisumu. Lakini raba inavutika. Kitu cha usalama kinachovutika kinauacha mzigo ushuke hadi kwenye vichwa kabla ya kuurudisha juu. Iache kwenye bodaboda. Vifungo vya plastiki vya kubania nyaya vitumie kushikilia kebo isilegee, si kubeba uzito. Tepu vilevile: ni ya kuzuia waya usimkwaze mtu, na ile ya kitambaa ni bora kwa kuwa haibandui rangi ya wenyewe.

Sasa kuhusu kutokeza nje. Sababu ya watu kutaka mkono mrefu ni kwamba ukingo wa roshani unarudisha sauti. Maiki iliyo juu ya ukuta mpana inapokea sauti mara mbili, mara moja kutoka jukwaani na mara ya pili kutoka kwenye ukuta, ikiwa imechelewa kidogo. Tofauti ya njia hizo mbili ikiwa sentimita 17, sauti zilizo karibu na Hz 1,000 zinafutana, na hapo ndipo waimbaji wanapoanza kusikika kama wako chooni. Dawa ya kwanza ni mkono mfupi wa sentimita 20 au 30, unaofanya ukingo ubaki nyuma ya maiki. Dawa ya pili, ambayo naipenda zaidi kwa sababu haimwekei mtu yeyote chuma juu ya kichwa, ni kutandaza blanketi zito lililokunjwa juu ya ukuta kwa upana wa mita moja hivi, maiki zikiwa ndani. Kwenye reli ya mabomba matupu tatizo hili karibu halipo, sauti inapita katikati ya vyuma, na huna sababu ya kutoka nje hata kidogo.

Udhaifu wa kweli wa klampu ni mtikisiko. Reli inayobeba maiki zako ndiyo inayoegemewa na vijana, ndiyo watoto wanaigonga kwa pete na funguo, na kila mgongano unaingia kwenye rekodi kama mtu anabisha mlango. Kishikizi chenye raba kinachoiacha maiki ikielea hewani hupunguza sana. Viti viwili au vitatu vya mstari wa mbele, kushoto na kulia mwa klampu, vifungiwe. Omba hilo kwa wahudumu mapema, usingoje watu wameketi. Kichujio cha rekoda kinachokata chini ya Hz 80 kinasaidia kwa kwaya. Kwa ngoma nzito kizime, urekebishe baadaye nyumbani.

Stendi nyuma ya reli

Stendi inaonekana salama zaidi kwa sababu haitundikwi popote. Nusu ya hilo ni kweli. Nusu nyingine inapotea mara unapoirefusha. Watu wa roshani hawaketi muda wote: wanasimama, wanainua mikono, wanapunga leso. Maiki isiyotaka kupigwa na mikono hiyo inahitaji kuwa mita 2.5 hadi 3 juu ya sakafu. Stendi ya urefu wa mita 3 iliyosimama mita moja nyuma ya reli, ikisukumwa, kichwa chake kinavuka reli na kwenda nje. Hesabu ni nyepesi: urefu wake ukizidi umbali wake kutoka ukingoni, ichukulie kuwa inaweza kuwaangukia watu wa chini, kwa hiyo nayo inahitaji kamba au mkanda wa kuifunga kwenye nguzo ya reli au kwenye kiti kilichofungwa sakafuni.

Miguu ifunguliwe kabisa, mmoja ukitazama jukwaani, ule upande ambao uzito unaelekea. Mfuko wa mchanga wa kilo 5 hadi 10 ukae chini kwenye mguu, si kuning'inizwa katikati ukiyumba. Mchanga si wa kununua. Gunia dogo la unga lililoshonwa vizuri, ndani ya mfuko mwingine ili lisimwage vumbi kwenye zulia la kanisa, linafanya kazi sawa na lile la dukani.

Kinachonikera kwenye stendi ni ngazi. Roshani nyingi zimejengwa kwa vidato, kila mstari wa viti juu ya mwenzake, na kidato ni chembamba. Miguu mitatu haipati pa kukaa. Mmoja unabaki hewani au unaziba njia ya kupita. Njia ya kupita isizibwe, hata mwenye ukumbi akikubali. Siku stima ikipotea na watu mia wakaanza kuteremka gizani, miguu ya stendi inakuwa mtego.

Kwa mtikisiko, stendi kwenye sakafu ya zege ni bora kuliko klampu. Kwenye sakafu ya mbao ni mbaya kuliko klampu, hasa kwaya ya vijana ikianza kurukaruka. Ndiyo chaguo langu kwa roshani ya kioo, kwa ukuta mpana wa mawe, na kwa ukumbi wa kukodi ambao meneja hataki mtu aguse reli yake. Usibishane naye. Reli ikikatika baada ya wewe kuifunga kitu, hata kama ilikuwa imeoza, jina ni lako.

Kuning'iniza

Kwa sauti, hakuna kinachoshinda maiki zinazoning'inia. Hazigusi reli wala sakafu kwa hiyo hazisikii vishindo, zinaweza kukaa mbele ya roshani na chini kidogo, na hazionekani kwenye picha za harusi. Ndiyo sababu kumbi kubwa za muziki duniani zimetumia njia hii kwa miongo mingi.

Lakini tazama zinaning'inia kutoka nini. Siling ya jipsamu si kitu cha kubeba mzigo, hata kilo mbili. Skrubu inashika unga tu. Lazima ufike kwenye mbao au vyuma vya paa, na hapo unahitaji ngazi ndefu au jukwaa la ujenzi, na fundi anayejua paa hilo lilivyofungwa.

Wengine huamua kukwepa paa kwa kuvuta waya kutoka ukuta hadi ukuta na kuning'iniza maiki katikati. Hapa kuna hesabu ambayo macho hayaioni. Waya wa mita 12 wenye kilo 2 katikati, ukiachwa ushuke sentimita 30, unavuta kulabu za ukutani kwa nguvu ya takriban kilo 20. Ukiukaza upendeze, ushuke sentimita 10 tu, nguvu inafika kilo 60. Kadiri unavyonyooka ndivyo unavyokaribia kung'oa kulabu. Fundi anayejivunia waya ulionyooka kabisa ndiye wa kuogopwa.

Kuna na kosa la kutumia kebo ya maiki yenyewe kama kamba. Kile kidude kinachobofya kwenye kichwa cha kebo kimewekwa kuzuia isichomoke bahati mbaya, hakikuwekwa kubeba. Na kwa sababu tuko kando ya ziwa, nyuzi za kuvulia samaki hazikosekani. Mtu atakuambia zinabeba mbuta wa kilo 20, itashindwaje maiki? Mbuta hakai juu ya watu kwa saa nne. Nailoni ile fundo lake huteleza, na ikisuguana na ukingo mkali hukatika bila dalili. Itumie kwa kazi moja tu: kuvutia maiki pembeni ili zielekee jukwaa, uzito ukiwa umeshikwa na waya wa chuma.

Joto la Kisumu nalo lina usemi. Feni za juu zikiwashwa na madirisha yakiwa wazi, maiki zinazoning'inia zinayumba, na ukisikiliza kwa hedifoni unasikia waimbaji wakitembea kushoto kulia ilhali wamesimama tuli. Zifungwe kwa nyuzi mbili za pembeni, na zivishwe sifongo.

Kwa kanisa linalorekodi kila juma, njia hii inalipa: waya unafungwa mara moja, unakaguliwa kila mwaka, mambo yanakwisha. Kwa mgeni aliyekuja kurekodi shoo moja na kuondoka, haifai. Hana muda wa kuifanya inavyotakiwa.

Sauti yenyewe kutoka juu

Njia yoyote utakayochukua, umbali ni uleule. Sauti inayokuja moja kwa moja hupungua desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili, lakini mwangwi wa ukumbi haupungui hivyo. Umejaa kila mahali. Kwa hiyo roshani ya mbali inakupa mwangwi mwingi na maneno machache. Hapa aina ya maiki ina uzito kuliko bei yake. Maiki ya kadioidi, inayosikia zaidi mbele kuliko nyuma, inaweza kukaa mbali mara 1.7 ya ile inayosikia pande zote na bado ikatoa uwiano uleule wa sauti na mwangwi; ya haipakadioidi, inayobana mbele zaidi, inafika mara 2. Mtu wa roshani achukue hiyo ya pili akiweza.

Mpangilio maarufu wa ORTF, uliotoka redio na televisheni ya Ufaransa, huweka maiki mbili za kadioidi sentimita 17 mbali, zikifunguka kwa pembe ya nyuzi 110. Karibu na kwaya ni mtamu. Lakini jukwaa la mita 8 ukilitazama kutoka mita 20 ni pembe ya nyuzi 23 tu, kwa hiyo maiki zilizofunguka hivyo zinatazama kuta na kuiacha kwaya ikijibana katikati. Kutoka mbali mimi huzifunga, kila moja itazame spika ya upande wake. Faida nyingine ni ya usalama: kipande cha chuma kinachozibeba kinabaki kifupi.

Tena kubali kwamba unachorekodi kutoka juu ni spika za ukumbi. Nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi zake nane, ikipigwa bila kuunganishwa na miksa, haitafika roshani. Orutu, fidla yao ya uzi mmoja, itafika kwa shida. Omba laini kutoka kwa miksa ukaunganishe baadaye na maiki za juu. Ukifanya hivyo kumbuka kwamba sauti inahitaji takriban milisekunde 58 kusafiri mita 20, ilhali ya miksa inafika papo hapo. Icheleweshe ya miksa kwa kiasi hicho kwenye Audacity au programu yoyote, ama ngoma zitasikika zikipigwa mara mbili. Mwombe anayeongoza shoo apige kofi moja jukwaani mbele ya maiki kabla ya kuanza, upate alama ya kulinganisha.

Mvua ikianza kunyesha juu ya mabati, yaliyosemwa yote hapa hayana maana hadi itakapokatika.

Nani achukue nini

Kanisa la Kisumu lenye reli ya mabomba na kwaya inayoimba kwa spika: klampu, maiki ndani ya reli, viti vitatu vimefungiwa. Ukumbi wa hoteli Nakuru wenye roshani ya kioo: stendi, mchanga, mkanda hadi kwenye nguzo, na maiki chini kidogo kuliko ungependa. Shule karibu na Kakamega inayoandaa isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka: usipande roshani kabisa. Isukuti hupigwa kwa ngoma tatu, nazo zinahitaji maiki mita 3 au 4 mbele yake, kwenye stendi fupi yenye mchanga, na rekoda ikiwa chini sana kuliko unavyodhani, kilele kisipite desibeli 12 chini ya kikomo. Kwaya isiyotumia spika nayo ni hivyohivyo, roshani ingeiharibu.

Bajeti ikiwa ndogo, nunua klampu nzuri na waya wa usalama kabla ya kubadilisha maiki. Rekoda ya mkononi yenye maiki zake mbili, ikibanwa vizuri mahali sahihi, inashinda maiki za bei ghali zilizofungwa kwa tepu. Tena haihitaji zile volti 48 ambazo maiki za kondensa hulishwa kupitia kebo, wala kebo ndefu, ambayo ni kilo moja pungufu juu ya watu. Iendeshe kwa betri au pawabenki. Soketi ya roshani mara nyingi iko laini moja na feni, na inakuletea mvumo wa Hz 50.

Ruhusa ni mbili, na zote ziombwe siku zilizotangulia. Ya mwenye jengo ni ya kufunga kitu kwenye reli yake. Ya wanamuziki ni ya kurekodi, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa anayetumbuiza haki ya kukubali au kukataa onyesho lake la moja kwa moja lirekodiwe. Kumwendea kiongozi wa kwaya ibada ikiwa imeanza ni kumkosea heshima na kujipunguzia nafasi.

Siku yenyewe, funga kabla milango haijafunguliwa. Waya wa usalama uanze kufungwa kwenye nguzo, kisha klampu, mkono, na maiki mwisho, mtu mmoja akisimama chini kuzuia wanaopita. Spana ifungwe kwa kamba mkononi. Shoo ikiisha usikimbilie kufungua ukisukumwa na fundi anayetaka kuzima taa. Ngoja viti vya chini viwe vitupu, anza na maiki, na waya wa usalama uwe wa mwisho kutoka.